Mishahara inapanda, mafundi hawapatikani: tuhamishe kiwanda?

SWALI: Naendesha kiwanda cha nguo. Zamani tukitangaza nafasi, watu walipanga foleni getini tangu alfajiri. Sasa kila mwaka napandisha mishahara na bado mafundi wa cherehani hawatoshi. Mshauri anasema tuhamie nchi ambayo mishahara yake ni nusu ya yetu. Tumsikilize?

JIBU: Mwulize mshauri wako: kushona shati moja huko kutagharimu kiasi gani? Akikujibu kwa kutaja mshahara wa mwezi, usimlipe.

Hesabu hii nimeirudia hadi nimechoka. Fundi anayelipwa 10 kwa siku na kushona mashati 20, kila shati limebeba ujira wa 0.50. Wa huko akilipwa 5 na kushona mashati 8, kila shati limebeba 0.63. Hiyo "nusu" imeshakuwa ghali zaidi, na bado hujagusa umeme unaokatika, kontena lililokwama bandarini wala mashati yanayorudishwa kwa sababu kola imepinda. Washauri hawa wanaouza safari ya kuhama hukuonyesha safu moja tu ya jedwali.

Kinachokupata si mkosi. W. Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979, alikieleza tangu 1954: maadamu mashambani kuna watu wa ziada, viwanda huajiri bila kuongeza ujira, watu hao wakiisha, ujira hupanda. Guangdong, mkoa wa viwanda wa China, waajiri walianza kulia uhaba wa vibarua mwaka 2004, na kuanzia 2012 watu wa umri wa kufanya kazi nchini humo wakaanza kupungua. Wapiga ramli wakasema viwanda vya China vimekwisha. Ni kweli kazi nyingi za nguo na viatu zilikwenda Vietnam na Bangladesh, lakini China ingali muuzaji mkubwa kuliko wote wa nguo nje, kwa sababu zipu, vifungo na uzi vinapatikana jirani na kiwanda, na mashine zimechukua sehemu ya kazi.

Kwa hiyo anzia ndani. Kaa siku nzima kwenye laini ya ushonaji uhesabu dakika ambazo fundi amekunja mikono akisubiri vipande kutoka meza ya kukatia. Kisha angalia wanaoacha kazi ni akina nani. Wakiwa ni akina mama wasio na pa kumwacha mtoto, tatizo lako si uhaba wa watu. China yenyewe, usajili wa kaya, unaomfunga mtu na huduma za alikosajiliwa, uliwanyima watoto wengi wa vibarua nafasi katika shule za mijini, wazazi wakarudi kwao huku viwanda vikilia.

Kinachonikera zaidi ni serikali kumeza dawa hiyohiyo: zinabana kima cha chini cha mshahara, kisha zinajinadi kwa wawekezaji kwamba watu wao ni rahisi. Anayekuja kwa sababu hiyo hafundishi mtu kazi wala hanunui uzi wa hapo; akisikia penye nafuu zaidi, anafungasha cherehani zake.