Dogo ana miaka 15 na mnataka asubiri 18 ndipo aende Civil Air Patrol? Msithubutu

Mkuu, huyo aliyekushauri mkimbie. Umeandika una dogo wa miaka 15 huko Ohio, anapenda ndege kuliko kula, na kuna mtu kakwambia msubiri afikishe 18 ili muingie wote wawili Civil Air Patrol (CAP, kikosi cha anga cha raia wa kujitolea huku Marekani) kama watu wazima, mfundishwe urubani bure, kwa sababu kwenye ukadeti, yaani upande wa vijana, "watoto wanapigishwa kwata tu". Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai mezani. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Texas, na mimi na akili zangu timamu nikayafuata.

Kwa hiyo mengine uliyouliza yakae kando kwanza. Dirisha la usajili la dogo linafungwa, la kwako halifungwi. Wewe hata ukiwa na miaka 60 watakupokea. Yeye anaingia ukadeti kuanzia miaka 12, na akishatimiza 19 haingii tena. Halafu ndani ya dirisha hilo kuna jingine dogo zaidi ambalo watu hawalioni: safari za bure za angani ni za kadeti aliye chini ya miaka 18. Ni safari 5 za ndege ya injini, mara nyingi Cessna 172 au 182, anakaa kiti cha mbele ubavuni kwa rubani, na 5 nyingine za ndege isiyo na injini. Na hapandishwi kama kifurushi. Wakishapaa na kutulia, rubani anamwachia ashike mwenyewe, akate kona, aone pua ya ndege ikipanda na kushuka. Siku anapotimiza 18 bila kupanda hata moja, zote 10 zimekwenda. Usije na hadithi ya mitihani wala ya gari lilikuwa gereji.

Binti yangu alileta kipeperushi chao nyumbani akiwa na miaka 14. Mama yake akashtuka, akaona mwanawe anapelekwa jeshini. (Kina mama mnaosoma: kadeti hafungwi mkataba wowote na jeshi. CAP ni chombo cha raia kinachosaidia Jeshi la Anga la Marekani tangu 1948. Sare zinafanana, basi. Mtoto akichoka anaacha, na hakuna wa kuja kumgongea mlango.) Mimi badala ya kumpeleka siku ya mkutano wao nikaona mambo ya kitoto, akili yangu ikaniambia nimuulize mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe ni jamaa wa jumuiya yetu, kila harusi yuko meza ya mbele anaeleza mambo ya anga. Nilikuja kujua baadaye kwamba kazi yake uwanjani ni kuendesha vile vigari vya kuvuta mizigo. Kazi halali, namheshimu nayo, sanduku langu likifika salama ni kwa ajili yake. Lakini alinijibu kwa sauti ya rubani wa miaka 30: "Ukadeti ni kung'arisha viatu. Msubiri akue, ataingia kama ofisa, wewe na yeye mtasomeshwa urubani bure." Hata karatasi moja hakunionyesha. Nami sikumwomba, maana alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi na mimi nikaona huyu anajua.

Tukasubiri. Binti akapoa, akahamia mpira wa kikapu, kisha hamu ikamrudia. Tukafika kikosini na 18 yake kamili, mimi nimevaa suti. Mama mmoja wa pale akatuuliza kwa upole kwa nini hatukuja mapema, na hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho.

Safari za bure, zimekwisha. Kuwa kadeti bado angeweza, na angebaki mpaka 21, lakini anaanzia ngazi ya chini kabisa, anapigishwa kwata na mtoto wa miaka 13 ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yamekaa sawa. Na ngazi huwezi kuzikimbilia. Kati ya moja na nyingine ni angalau majuma 8, upende usipende, na njiani kuna mitihani ya uongozi na mambo ya anga, pamoja na mazoezi ya mwili. Tuzo ya Mitchell, ile inayomfanya kadeti kuwa ofisa wa makadeti, inataka si chini ya miezi 18 na kambi ya takriban wiki nzima, ambayo mara nyingi ni ya kiangazi. Ukiikosa kambi ya mwaka huu unaweza kungoja ya mwakani. Mwenye Mitchell akiamua mwenyewe kujiunga na Jeshi la Anga anaanza daraja la E-3, si chini kabisa kama wenzake. Na ule udhamini wa kusomea leseni ya urubani, upo kweli, unaitwa Cadet Wings, ila jina lenyewe limeshakwambia ni wa nani, na ni wa kushindania. Piga hesabu mwenyewe mtoto aliyeanza akiwa na 13 yuko wapi akifika 17, umri ambao leseni ya rubani binafsi inaruhusiwa. Binti yangu alipiga, akanitazama, akasema twende nyumbani.

Na ile "mtasomeshwa bure mkiwa watu wazima"? Mtu mzima anayetaka kurusha ndege zao anatakiwa afike na leseni yake mfukoni, kisha wampime. Ndege zile ni za kazi, kutafuta ndege zilizopotea, kupiga picha za maafa. Hawa watu walianza tarehe 1 Desemba 1941 na vitani wakawa wanawinda nyambizi za Wajerumani pwani kwa vindege vya watu binafsi. Hawakuunda chama ili baba Asha wa Texas ajifunze kukata kona.

Basi nikalipia chuo cha binafsi. Sheria inasema angalau saa 40 za kuruka, na ni wachache wanaomaliza kwa 40, na gharama yake ilivuka dola elfu kumi bila kutazama nyuma. Ndugu zangu mnaoniuliza kile kiwanja cha Kigamboni kimefikia wapi: kiko angani, kinaruka vizuri. Nikampigia mtaalamu. Akasema, "Kwani nilikulazimisha?" Harusi iliyofuata nilimwona meza ya mbele anamweleza mtu mwingine, nikaenda nikakaa katikati yao mpaka keki ikakatwa.

Haya, yako wewe kwa haraka. Kadi ya kijani inatosha, si lazima uraia. Mtu mzima anachukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa, na kuna somo la ulinzi wa watoto kabla hujakaa na makadeti. Bila leseni unaweza kuwa mtu wa tatu ndani ya ndege, yule wa kukodoa macho dirishani kutafuta, au ukakaa kwenye redio, au ukatafuta kwa miguu. Baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017 ndege zao zilipiga picha za mafuriko huku kwetu, na ndani yake wapo watu wasiojua hata kutua. Sare ya bluu ya mtindo wa jeshi usiagize kwanza, ina masharti ya uzito na ndevu. Mimi niliagiza, na nina vyote viwili kwa wingi. Sasa navaa fulana ya kola na suruali ya kijivu, ile ya bluu nikamuuzia kijana mwembamba kwa nusu bei.

Dogo akikosa pesa ya kambi muulize kamanda, kuna msaada wa ada kwa familia zisizomudu.

Uliuliza pia ada ya mwaka na kitu kingine kuhusu bima. Ada inatofautiana kwa jimbo, bima nimeshasahau ulisemaje na zamu yangu inaanza sasa hivi. Vikosi vingi vinakutana jioni moja kwa wiki. Mpeleke dogo jioni inayokuja, akishaandikishwa rudi hapa tuongee bima.