Mota inanguruma lakini haizunguki: tatizo ni stata laini?

SWALI: Nina pampu ya maji yenye mota ya kilowati 30, volti 400. Zamani tuliiwasha kwa sta-delta (koili zinaunganishwa kwa nyota kwanza, kisha kwa delta), na kila ikizimwa mabomba yaligonga kama yamepigwa nyundo. Tumefunga stata laini, kifaa cha kuwasha mota taratibu, kishindo bado kipo! Isitoshe, mota inanguruma bila kuzunguka mpaka ovalodi (kinga ya mkondo uliozidi) inakata. Nimeweka volteji ya kuanzia asilimia 20 na muda wa kupanda sekunde 30 ili iwake taratibu. Kifaa ni kibovu?

JIBU: Sidhani. Naona umeionea mota huruma kupita kiasi.

Stata laini haigusi masafa ya umeme. Hezi 50 zinabaki 50. Thairista zake, yaani swichi za kielektroniki, hukata sehemu ya kila wimbi la umeme, kisha huachia kidogo kidogo hadi volteji ikamilike. Sasa, nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volteji. Ukiipa mota nusu ya volteji, unabaki na robo ya nguvu yake ya kuanzia. Ukiipa asilimia 20, unabaki na asilimia 4, ambayo huenda isishinde hata msuguano wa beringi na sili. Hapo inanguruma tu, koili zinapata moto na feni yake imesimama. Ovalodi imekuokoa.

Kabla ya kugusa mipangilio, fungua kisanduku cha mota. Ilitoka kwenye sta-delta, kwa hiyo ina nyaya sita. Kama kibao chake kinasema delta kwa volti 400, na fundi ameiunganisha kwa nyota, umebakiwa na theluthi ya nguvu hata volteji ikiwa kamili. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko stata mbovu.

Kisha anza na asilimia 40, sekunde 10, na kikomo cha mkondo mara 3.5 ya ule wa kawaida (kuwasha moja kwa moja hufika mara 6 hadi 8). Shafti isogee mara tu unapobonyeza. Isiposogea, pandisha kidogo.

Kuhusu kishindo: stata nyingi hutoka kiwandani muda wa kuzima ukiwa sifuri, yaani umeme unakatwa ghafla kama zamani. Pampu inapoteza mwendo, maji yanarudi na kubamiza vali. Weka sekunde 10, sikiliza, ongeza hadi 20. Usishangae sekunde za mwanzo zikipita kimya. Mota yenye mzigo hushikilia mwendo wake, halafu huuachia karibu na mwisho. Kwa bomba refu sana la kupanda mlima, huenda ukahitaji kifaa cha kubadili masafa, na hicho ni gharama nyingine.

Kapasita za kurekebisha umeme zisiwe kati ya stata na mota, zitaua thairista. Na mota ikiwa imesimama, usishike waya zake kabla ya kuzima swichi kuu: thairista huvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa.