Maswali na Majibu: Kuhesabu Saa Hakutoshi

Kijana atumie mitandao ya kijamii saa ngapi kwa siku asidhurike?

Swali hili huletwa kila mara, na kila mara huja bila kutaja umri wa kijana, anachokitazama wala saa anayolala. Ushauri uliotolewa Mei 2023 na Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, ulieleza kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku mitandaoni hukabiliwa na hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba kijana aliyekwisha kulemewa na huzuni naye hukimbilia simu, hivyo si rahisi kujua kipi kilitangulia. Isitoshe, saa moja ya kuzungumza na rafiki si sawa na saa moja ya kutazama miili iliyorekebishwa kwa programu. Anzeni na usingizi: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila siku, na simu inayolala chini ya mto humpokonya sehemu yake.

Binti yangu hufuta picha zake zisipopendwa na watu wengi. Je, ni utoto tu?

Si utoto. Facebook ilianzisha kitufe cha kupenda mwaka 2009, na tangu hapo idadi ya waliopendezwa huonekana hadharani. Nyaraka za kampuni hiyo, inayomiliki pia Instagram, zilizofichuliwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana waliohojiwa walisema kwamba walipokuwa hawaridhiki na miili yao, Instagram iliwazidishia hali hiyo. Mzazi anayembeza binti kwa kujali idadi hizo huku naye akichungulia simu kila baada ya dakika chache hatasikilizwa.

Je, uraibu wa mitandao ya kijamii ni ugonjwa?

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, inautambua uraibu wa michezo ya kompyuta na simu, lakini haijautaja wa mitandao ya kijamii.

Nimetazama video fupi kuhusu ugonjwa wa akili, dalili zote ninazo. Ninunue dawa gani?

Hakuna. Nenda kwa daktari.

Kwa nini serikali zisiwapige vijana marufuku?

Australia imeanza: tangu 10 Desemba 2025, kampuni zinatakiwa kuchukua hatua za kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Wanaoisifu sheria hiyo husahau kutaja kwamba faini inazielemea kampuni, wala si watoto au wazazi. Hapo ndipo lawama inapostahili kuanzia, kwa kuwa ukurasa usio na mwisho na video zinazojiendesha zenyewe vilibuniwa na watu wazima wanaolipwa ili mtazamaji asiondoke.

Mwanangu ameandika mtandaoni kwamba hataki kuishi. Niifunge akaunti yake?

Usianze na akaunti. Muulize leo, faraghani na bila ukali, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikiri, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na chochote anachoweza kujidhuru nacho, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Habari za akaunti mtazizungumza baadaye, naye akiwepo.