Mnaokuja fildi ofisi za mawakili Mbeya, anzeni na mgomba

Kila mwaka baridi ya Julai ikikaza, ofisini kwetu huja wanafunzi wawili watatu wa sheria kufanya fildi. Wanakuja na ufafanuzi waliokariri: sheria ni amri ya mwenye mamlaka, sheria ni kanuni za jamii, na kadhalika. Sina ugomvi nao, mtihani unautaka. Ila mteja hajawahi kuniuliza sheria ni nini. Anachouliza ni, "Niende wapi?"

Hilo nililijua kwa aibu. Wiki yangu ya pili fildi, mzee mmoja aliingia kutoka Rungwe na mfuko wa rambo, ndani karatasi zimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Jirani kasogeza mpaka, kaingia kwenye migomba yake. Nikamjibu bila kupepesa, "Mzee, hii kesi ndogo, kafungue Mahakama ya Mwanzo." Wakili wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasubiri nimalize, kisha akanituma nilete Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216, nisome kifungu cha 4 kwa sauti, mzee anasikia. Mahakama za mahakimu, ikiwemo ya Mwanzo, hazina mamlaka juu ya madai ya ardhi. Mzee angeweza hata kushinda, halafu miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ifute mwenendo wote, arudi kuanza upya.

Tangu siku hiyo mgomba ndio mfano wangu. Mgogoro wa mpaka kijijini huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, watu 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yao ni kusuluhisha. Kisha Baraza la Kata. Enzi zangu hilo liliamua kesi. Tangu 2021 linasuluhisha tu, kwa siku 30, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. (Ukinunua notsi za zamani steshenari, hapo ndipo zitakapokuzamisha.) Juu yake ni Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika.

Sasa sogeza habari kidogo. Mzee amefariki, watoto wanagombania migomba ileile. Hayo ni mirathi, na kama aliishi kwa kufuata mila au dini ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo niliyoitaja kwa makosa sasa ndiyo mlango wenyewe. Sogeza tena: jirani kaikata migomba usiku. Hiyo ni jinai, anayeshtaki ni Jamhuri, yaani serikali, na mwenye shamba anakuwa shahidi tu. Lakini kama bado wanabishana shamba ni la nani, kesi ya jinai haitawaamulia umiliki.

Kwa hiyo mteja akianza kusimulia, msikimbilie vitabu. Mwacheni amalize, hata akianzia kwa babu yake. Sikilizeni anataka nini hasa: arudishiwe ardhi, agawiwe, au mtu afungwe?

Mlango ukijulikana, ndipo mtafute sheria, na mzisome kwa ngazi. Katiba ya 1977 iko juu, chini yake sheria za Bunge, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kisha kanuni. Mila nayo ni sheria, msiidharau, lakini ina kikomo: mila inayomnyima mwanamke ardhi kijijini ni batili kwa kifungu cha 20 cha sheria hiyo ya 1999. Na penye pengo mtakuta sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Naam, tarehe hiyo bado inafanya kazi hadi Tukuyu.

Hukumu zipo bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama tangu 2021, ila hukumu nyingi za nyuma ni za Kiingereza. Mteja mwandikieni nusu ukurasa wa Kiswahili cha kawaida, aende nao nyumbani.

Yule mzee alirudi kabla sijamaliza fildi, na mkungu wa ndizi. Akapita meza ya wakili, akaja kukaa kwangu, akatoa karatasi ya Baraza la Kata. "Mwanangu, hii sasa niipeleke wapi?" Nikainuka kwanza kwenda kuchukua Sura 216.