Tangi la matumbawe Mombasa: poza maji kwanza, taa zingoje

Kaskazi ikianza kuvuma, swali hunijia lile lile kutoka kwa vijana wanaofuga samaki wa baharini majumbani: "Ami, nimepata vijisenti, ninunue taa gani?" Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Kwa anayeishi Mombasa, pesa ya kwanza iende kwenye kupoza maji na kuyapa hewa. Kichujio kifuate. Taa zitangoja, na matumbawe yatazisubiri yakiwa hai.

Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako kifaa cha kwanza kununuliwa ni hita. Matumbawe ya nyumbani hukaa vizuri kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 27. Hapa kwetu Februari na Machi jua la mchana huleta nyuzi 32 na zaidi, usiku nao haupoi sana, na tangi lenye pampu na taa hupanda hadi 30 bila hita yoyote. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo uwezo wake wa kushika oksijeni unavyopungua, na wakati huo huo samaki na bakteria huhitaji oksijeni zaidi. Yaani mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Wazee wa pwani wanaukumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kawaida na matumbawe mengi ya mwambao huu yakapauka na kufa. Kama bahari nzima ilishindwa na ongezeko la nyuzi moja au mbili juu ya joto la kawaida la kaskazi, tangi la lita 240 sebuleni halina ubavu.

Anza na feni ndogo zinazopuliza juu ya uso wa maji, na kifuniko cha kioo ukiondoe uweke wavu ili samaki wasiruke. Uvukizi hubeba joto, na feni mbili nzuri zinaweza kushusha nyuzi 2, wakati mwingine 3. Siku ambazo hewa imejaa unyevu nguvu zake hupungua, nawe utaliona hilo kwenye kipimajoto. Kinachovukiza ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji matamu kila siku. Swichi ya kielea yenye pampu ndogo itaifanya kazi hii hata ukiwa safarini, na mimi naihesabu miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kununua. Chumvi inayopanda na kushuka huchosha matumbawe kuliko chumvi iliyo juu kidogo lakini imetulia.

Feni zikishindwa, ndipo ufikirie chila, yaani mashine ya kupoza maji. Kabla ya kulipa, kagua pampu zako. Pampu iliyozama hugeuza karibu umeme wote inaokula kuwa joto ndani ya maji. Nilipotoa pampu kuukuu na kuweka ya DC inayokula nusu ya umeme wa ile ya zamani, kipimajoto kilishuka kabla hata sijagusa kitu kingine. Chila nayo usiifungie kwenye kabati chini ya tangi. Joto inalolitoa majini inalitema hewani, na ikiwa kabatini itavuta hewa ile ile ya moto hadi ichoke. Yangu iko kibarazani, kivulini, na mipira ya maji inapita ukutani.

Halafu kuna kukatika kwa stima. Katika maji ya moto yaliyojaa samaki, saa chache bila mzunguko zinatosha kuleta maafa. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikikatika ni ya bei nafuu, nunua hata leo. Mwenye uwezo aongeze inverta na betri, aiunganishe na pampu moja tu ya kuzungusha maji, ile inayotikisa uso wa tangi. Taa na chila visiguse betri hiyo. Mimi huchomoa waya makusudi siku moja moja baada ya sala ya Ijumaa, nione kama betri inashika kweli. Ukiwa kwenye soketi hapo, hakikisha kila waya unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone ya maji ya chumvi yadondoke sakafuni yasifuate waya hadi kwenye umeme. Na uweke kikata-umeme kinachozima pindi umeme unapovuja. Maji ya chumvi na stima havina msamaha.

Stima ndiyo iliyonifanya niachane na kichujio cha mtungi. Mtungi uliofungwa ukikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria waliomo humaliza oksijeni, hufa, na maji huanza kuoza. Stima ikirudi, uchafu wote huo humwagika tangini. Anayebaki na mtungi auoshe kabla ya kuuwasha tena baada ya giza refu.

Sampu, yaani tangi la pili chini ya la kwanza, ndiyo maboresho ninayoyapenda kuliko yote. Huongeza wingi wa maji, hivyo joto na chumvi hubadilika polepole. Huficha vifaa. Maji yanayoanguka hubeba hewa. Fundi yeyote mzuri wa vioo anaweza kukutengenezea kwa vioo na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Mwambie hilo waziwazi, maana silikoni ya bafuni huwa na dawa hiyo na inaweza kuua. Hesabu ya kufanya kabla ya kumwita ni hii: stima ikikatika, maji yatashuka kutoka juu hadi paipu ya kurudishia, ile inayopandisha maji ya sampu tangini, ivute hewa. Mdomo wa paipu ukiwa sentimita 3 chini ya uso, katika tangi la sentimita 120 kwa 40, lita zaidi ya 14 zitateremka. Sampu iwe na nafasi tupu ya lita hizo na ziada juu yake. Toboa tundu dogo kwenye paipu karibu na uso wa maji ili ivute hewa mapema, na ulisafishe, kwa sababu mwani na vijikonokono huliziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake. Chembe moja ya mchanga inatosha kuifanya isifunge.

Pampu ya kurudishia haihitaji kuwa kubwa. Ikipitisha maji ya tangi mara 3 hadi 5 kwa saa inatosha. Mkondo wenyewe wa kuyapepea matumbawe uachie pampu za mawimbi ndani ya tangi. Kwenye chumba kimoja cha sampu weka mwani wa nyuzinyuzi na taa ndogo, uiwashe usiku taa kubwa zikizimwa. Mwani hula nitrati na fosfati, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, nawe unauvuna na kuutupa.

Kisha skima ya protini, mashine inayotengeneza viputo vidogo sana ili uchafu ung'ang'anie kwenye povu na kupanda kikombeni kabla haujaoza. Kwa joto letu ina faida ya pili, huingiza hewa nyingi majini. Usiamini lita zilizoandikwa kwenye kasha. Kwa tangi lenye samaki wengi chagua iliyoandikwa mara moja na nusu ya tangi lako. Ikiwa mpya itahangaika siku kadhaa, mara ifurike, mara ikauke. Iache. Ikitulia, irekebishe hadi kikombe kitoe maji ya rangi ya chai kavu iliyokolea. Kikombe na shingo yake vioshwe mara kwa mara, kwani mafuta yaliyoganda huua povu.

Nasisitiza hili kwa wote wanaobadilisha vichujio: bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanaishi kwenye mawe, mchanga na sifongo za zamani. Kichujio kipya na cha zamani vifanye kazi pamoja wiki 4 hadi 6. Sifongo isuuze kwa maji ya tangi yenyewe, kamwe usitumie ya mfereji yenye klorini. Badilisha kitu kimoja, pima, ngoja, ndipo ushike kingine. Dawa za kufyonza fosfati zitumie kidogo kidogo pia. Matumbawe yaliyozoea maji yenye lishe hufa njaa ukiyasafisha ghafla.

Maji ya kujazia yanahitaji mashine yake. Visima vya Mombasa vingi vina chumvi na viko karibu na vyoo vya shimo, na ya mkokoteni huwezi kujua yametoka wapi. Mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na uchafu, yenye kichujio cha resini mwishoni hutatua hilo, lakini utando huo unataka msukumo, na mifereji yetu mara nyingi haina. Nunua na pampu ya kusukuma pamoja. Maji inayoyakataa yanafaa kupigia deki na kumwagia chooni.

Kuhusu maji ya bahari, tunaishi karibu nayo na tuna haki ya kufurahi. Mimi huwaomba wavuvi wanichotee nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa Tudor na wa Mtwapa, na masika nasimamisha kabisa kwa sababu mito hushusha matope na kupunguza chumvi. Mawe na matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986, hayaguswi hata jiwe moja, na anayekuuzia ya huko usimpe pesa. Maji yakifika, yapitishe kwenye soksi ya kuchujia, yaweke kwenye pipa lenye kifuniko na pampu, pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi, hadi uone gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, na usiyamimine mpaka joto la pipa na la tangi lilingane.