Jibu: Bunge lenye viti vitupu ni halali?

Ndugu, umeuliza kama bunge linakuwa halali pale sehemu ya nchi iliyoshikwa na wanaotaka kujitenga inaposhindwa kupiga kura. Kisheria, ndiyo. Angalia Ukraine, 26 Oktoba 2014.

Bunge lao lina viti 450; mwaka ule nusu vilikuwa kwa orodha za vyama (unapigia chama, nacho kinapata viti kulingana na kura zake), nusu kwa majimbo. Wakati ule Krimea ilikuwa mikononi mwa Urusi, na sehemu za Donetsk na Luhansk zilishikwa na waasi. Majimbo 27 hayakupiga kura. Viti vyake hakupewa mtu, vikabaki wazi, na wabunge wakawa 423. Waliokimbia vita waliruhusiwa kupigia orodha za vyama huko walikohamia, lakini si mbunge wa jimbo.

Uhalali wa kisiasa ndio mgumu. Mashariki kulikuwa na wapiga kura wengi wa Chama cha Kikomunisti, nacho mwaka ule hakikufikisha asilimia 5 ya kura iliyohitajika, kikakosa viti vya orodha. Sisemi ni kwa sababu hiyo tu, ila ukiondoa watu wa upande mmoja, mizani lazima iegemee.

Kwetu Uganda ingekuwa mbaya zaidi, maana hatuna orodha za vyama. Jimbo lisipopiga kura, sauti yake bungeni imekwisha. Ndiyo maana Februari 2006 Waacholi wengi, watu wa kaskazini waliokimbia vita ya waasi wa Joseph Kony, walipigia kura kambini. (Vita ya Kony haikuwa ya kujitenga, najua, msinirukie.) Serikali iliwapelekea masanduku walipokuwa, na wabunge wao wakapatikana.