Usikubali Kuwa Karani wa Maabara

Katika shule ya sekondari niliyosoma hapa Mombasa, kundi letu la fizikia lilikuwa na wavulana wanne na mimi, na kabla vifaa havijatolewa kabatini nilikuwa nimeshakabidhiwa kalamu: "Andika wewe, hati yako nzuri." Nami nikajiona nimeheshimiwa! Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na daftari safi kuliko yote, ila nilipofika chuo kikuu na kuwekewa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, mbele yangu, mikono ilinitetemeka, kwa kuwa miaka yote ile nilikuwa nikiandika vipimo ambavyo sikuvipima mimi.

Kwa hiyo binti anayeniuliza aanzie wapi katika fizikia humweleza habari za mwanafizikia wa anga Jocelyn Bell Burnell. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu Cambridge, yeye na wenzake wachache walitumia takriban miaka 2 kujenga darubini ya redio, yaani mtambo wa kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, wakipigilia nguzo kwa nyundo na kutandaza nyaya katika kiwanja cha zaidi ya ekari 4. Darubini ilipoanza kazi mwaka 1967, ilimtolea karibu mita 30 za karatasi zenye michoro ya mawimbi hayo kila siku, naye akazikagua kwa macho. Humo akaona mchoro mdogo uliovurugika, usiofanana na nyota alizozizoea wala na makelele ya mitambo ya wanadamu, ambao baadaye ulibainika kuwa mapigo yanayorudi kila sekunde 1.33: pulsa ya kwanza kujulikana, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutufikishia mawimbi ya redio kwa mapigo. Naamini mwingine angeupuuza. Yeye mashine ile alishiriki kuijenga, na tabia zake alizijua.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1974 walipewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Jambo hilo huniuma mimi kuliko linavyoonekana kumuuma Jocelyn mwenyewe. Mwaka 2018 alipotunukiwa dola milioni 3, alizitoa zote kupitia Taasisi ya Fizikia ya Uingereza ili ziwafadhili wanafunzi wa uzamivu kutoka makundi yasiyoonekana sana katika fani hii.

Walimu wenzangu nao nawaomba wasiulize nani anataka kushika vifaa, maana kabla swali halijaisha wavulana watakuwa wameshavishika. Pangeni zamu, na kalamu nayo izunguke.

Mimi huwapa wasichana uzi wa sentimita 44 wenye kipande cha madini ya risasi nchani, kwa sababu urefu huo huenda na kurudi kwa takriban sekunde 1.33, sawa na pulsa ile. Mwezi uliopita, katika joto la kutoa jasho hadi kwenye kope, mmoja wao alipima muda wa mizunguko 20 mara tatu, akapata majibu matatu tofauti. Akautazama uzi, akatazama darini, kisha akasema, "Mwalimu, naomba tuizime feni." Darasa zima lilinung'unika. Tukaizima.